Mafundi na wavaaji: kwa nini siku hizi hakuna anayetaka kuachiwa kitambaa ndani ya mshono?

FundiKibarazani

Wakuu, habarini za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, nashonea kibarazani mjini, si mbali na Makoroboi. Riziki yangu kubwa ni nguo za sherehe za mama zetu na dada zetu: sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali. Nina swali, na wateja wenyewe siwezi kuwauliza kwa sababu wakifika kwangu wanakuwa wameshachelewa ukumbini.

Nilipojifunza kazi kwa mjomba, sheria ya kwanza ilikuwa usikate karibu na uzi. Mbavuni unaacha vidole viwili kila upande, kwenye pindo unaacha zaidi. Mama mwenye gauni alikuwa haangalii nje kwanza. Analigeuza ndani nje palepale mbele yako, anapitisha kidole kwenye mshono, na akikuta umekata karibu anakwambia umemwibia kitambaa. Alijua atazaa, atanenepa, atakonda, na gauni litakwenda naye. Siku likimshinda atapewa mdogo wake. Mpaka leo kuna bibi mmoja wa Kitangiri huniletea gauni lake la kitenge nilipanue. Nje limepauka kabisa, ila ukifungua mshono, ile akiba ya ndani rangi yake bado inawaka.

Sasa njoo leo. Mteja anafungua simu, ananionyesha picha ya dada wa Lagos au wa Dar, amesimama kiupande, mkono kiunoni. "Fundi, nataka hii." Namuuliza, mgongoni pakoje? Hajui. Picha ina mbele tu. Namuuliza nikuachie kiasi gani ndani? "Usiniachie kitu, fundi, inatuna kwenye picha." Basi nakata karibu na uzi, kitu ambacho mjomba angenipigia rula.

Kuna mmoja alikuja na lesi kidogo tu ya bei mbaya, akaniambia hiyo iende mbele, nyuma nimtafutie kitambaa chochote kinachofanana rangi. Nikamwambia dada, ukumbini watu wanakaa pande zote. Akanijibu kwamba picha zitapigwa kwa mbele, na akikaa atakuwa ameegemea kiti. Nilishona. Pesa ni pesa.

Mwingine alitaka mkia wa samaki (mimi naita mkia wa sangara, kwa jinsi unavyobana hadi magotini ndipo unafumuka). Nikampa stuli, nikamwambia kaa kwanza, nione kama sketi inakuruhusu. Alikataa. Alisema hatakaa mpaka picha ziishe, na ya kukalia ameiweka kwenye begi. Yaani nguo ya kusimama na nguo ya kukaa, sherehe moja.

Halafu kuna sare za kamati, huko ndiko ninakochanganyikiwa kabisa. Wanakuja wanawake ishirini, thelathini, kitenge kimoja, kila mmoja na mshono wake. Kazi za usiku kucha. Jumamosi wanavaa, Jumapili zimejaa stetasi, Jumatatu sare imekwisha kazi. Ukimuuliza mbona huivai hata kanisani, anashangaa: "Si watu wameshaiona?" Na si kwamba wote wana uwezo. Kuna ninaowajua wamechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili wasikose sare, na mwezi unaofuata wanakwepa kupita mtaani mchana.

Nauliza kwa nia njema, sitaki kutukana mtu. Hii ni TikTok? Ni pesa zimezidi au zimepungua? Au ni mimi naanza kuzeeka? Mtu anayevaa nguo isiyo na akiba ndani anafikiria nini kuhusu mwaka kesho?

Naomba kuwasilisha.

BodaWaIgoma

Fundi nyie ndio mmetuharibia biashara. Huo mkia wa sangara haupandi pikipiki. Abiria anatoka kapendeza, ananiangalia, anaangalia kiti, anaita bajaji. Akilazimisha anakaa upande, njia nzima Igoma mpaka mjini ananipigia kelele niende polepole upepo usiharibu nywele. Na nauli anataka ileile. Shoneni basi hata mpasuo!

MamaMwaloni

Fundi, shikamoo kama umri wako unaniruhusu. Kama hauniruhusu, basi marahaba, yako nimeipokea.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nimesoma ulivyoandika kuhusu sare, na umeiona kwa jicho la cherehani. Nikueleze upande wetu.

Kwetu sare ni risiti. Kundi la harusi likifunguliwa kwenye simu, orodha inawekwa: fulani ameahidi kiasi hiki, ametoa kiasi hiki, anadaiwa. Hiyo ni ya wote, hata mjomba aliye Oman yumo. Sare ni orodha ya pili, na hiyo haiandikwi, inaonekana tu. Siku ya siku wanawake wakiingia wakicheza, mwenye shughuli anaangalia nani kavaa na nani hakuvaa. Aliyekuja na nguo yake nzuri ya sandukuni ni mgeni, hata kama ametoa mchango mkubwa. Aliyevaa sare ni mwenzake.

Sasa kwa nini nimjali? Nikupe hesabu ya dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa mitumbwi inakaa, kwa sababu samaki hawafuati taa wakati ziwa lote lina mwanga. Hizo siku za mbalamwezi sina mzigo, lakini watoto wanakula. Na giza likirudi, ninahitaji mtaji asubuhi moja, tena taslimu, kabla wa Kongo hajanunua mzigo wote. Benki wataniuliza hati ya nyumba. Wale wanawake wa sare hawaniulizi hati. Wanakumbuka kama nilikuja kwa binti yao, nilivaa, nilicheza, nilitunza. Mtaji napewa palepale chini ya mwavuli.

Kwa hiyo usione tumevaa mara moja ukasema tumetupa pesa. Nguo imeisha kazi, ndiyo, lakini kazi iliyofanya bado inaniingizia. Na nguo yenyewe haitupwi. Sare zangu za miaka iliyopita ziko Ukerewe kwa wifi zangu, wanalimia. Ukitaka kujua harusi zote nilizowahi kuhudhuria, panda meli nenda Nansio, tembea mashambani.

Hili la kausha damu nakubaliana nawe, hapo hata mimi sina utetezi.

FundiKibarazani

MamaMwaloni shikamoo mama, nimeipokea ya kwangu. Hilo la mtaji sikulijua, nasikia tu "kamati, kamati".

Ila bado nina swali dogo. Kama kinachotakiwa ni kuonekana mko pamoja, kwa nini isitangazwe tu kwamba wote mvae bluu? Kila mwanamke ana nguo ya bluu nyumbani. Hakuna mkopo, hakuna kukesha, mimi ndiye nitakayekula hasara na nimekubali.

MamaMwaloni

Marahaba baba. Kwa sababu bluu kila mtu anayo. Ukivaa ulichokuwa nacho hujanipa kitu. Ninachotaka kuona ni kwamba ulijinyima kwa ajili yangu.

Huo ndio ukweli, wenye kunuka na wanukie.

MzeeWaKisesa

Mwangaluka wote. Nimesoma uzi huu nacheka peke yangu. Mnaisema TikTok utadhani ndiyo iliyofundisha watu kushindania macho ya watu.

Sisi Wasukuma tuna Wagika na Wagalu tangu kabla Mjerumani hajaweka bendera hapa. Makundi mawili ya ngoma, kila moja na waganga wake na nyimbo zake za kulichokoza lenzake. Baada ya mavuno siku inapangwa, wanaingia uwanja mmoja, hawa upande huu na wale upande ule, na ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi. Mshindi ni yule ambaye watu wamehamia kwake. Basi. Ndiyo maana wengine wanacheza na majembe, wengine wanarusha miguu, na ukiona watazamaji wako wanaanza kuvuka kwenda kwa jirani, ndipo unapomtoa chatu. Hayo hufanyika hadi leo kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo, hapa Bujora, kila mwezi wa sita. Marehemu Padri David Clement, yule Mkanada aliyejenga makumbusho ya Wasukuma, ndiye aliyeifungamanisha na sikukuu ya Ekaristi. Nendeni muone vijana wanavyovaa na wanavyotafuta watu. Na habari za Ng'wanamalundi, yule mcheza ngoma wetu maarufu wa zamani, kwamba akinyoosha kidole mti unakauka, zilifika Tabora na Shinyanga bila simu.

Na mnaowashangaa mabinti kwa mavazi, wazee wenzangu watakumbuka Operesheni Vijana. Mwaka 1968 Vijana wa TANU walitangaza vita, na ilipofika Januari 1969 kule Dar es Salaam sketi fupi, wigi na suruali za kubana zikawa marufuku. Wasichana walizomewa mpaka kwenye vituo vya mabasi. Hoja zilikuwa hizihizi: mmeiga, mmepotea, hamfikirii kesho. Miaka michache baadaye mjini pamejaa bugaluu, zile suruali pana chini, na viatu vya raizoni vya soli nene, na baadhi ya waliokuwa wanazomea nawajua, niliwaona ndani ya hizo bugaluu.

Sasa nije kwenye swali lako fundi, la kitambaa ndani ya mshono. Wewe unaliona kama busara ya mama zetu. Mimi nililiishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa hazipatikani. Unaamka alfajiri kupanga foleni duka la ushirika kwa ajili ya doti moja ya khanga, na unaweza kurudi mikono mitupu. Mtu aliyepata kitenge katika hali ile akubali vipi ukate karibu na uzi? Ile akiba ilikuwa ni hofu, ndugu yangu. Mimi siikumbuki kwa mapenzi.

Kinachonikera mimi ni kingine kabisa. Pamba ya nchi hii kwa sehemu kubwa inalimwa kanda yetu: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita. Tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex hapahapa mjini, unauza pamba, unanunua kitenge kilichotoka kwenye pamba ya jirani yako. Leo pamba inachambuliwa, inafungwa marobota, nyingi inakwenda nje ikiwa pamba nyuzi. Halafu kamati inakaa kuchagua sare, na kitenge kimetoka China. Bei ya shamba tunalalamika kila msimu, bei ya sare hakuna anayelalamika. Hilo mlijadili na nyie vijana, mkimaliza habari za mkao wa picha.

KameraNyamanoro

Mimi napiga picha na video za harusi, natetea wateja wa fundi kidogo.

Zamani kidogo kazi yangu ilikuwa DVD. Saa tatu nzima, kuanzia bibi harusi anasukwa mpaka mwisho wa zawadi. Familia inaiweka sebuleni, mgeni akija anawekewa, anaonyeshwa, "huyu ni shangazi, huyu alitoka Bunda". Katika saa tatu kamera inazunguka, inakukuta umekaa, unakula, umeinama. Kwa hiyo nguo ilihitaji mgongo.

Siku hizi naombwa kipande cha sekunde thelathini, simu imesimama wima, na kinatakiwa usiku uleule kabla watu hawajalala. Mwanamke aliyelipa michango miezi mitatu anaonekana humo sekunde mbili. Mbele. Atavaa nini zaidi ya mbele?

Na picha za nje siku hizi si Jiwe la Bismarck peke yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maharusi wa Sengerema wote wanataka lionekane nyuma yao, kilomita 3 za daraja juu ya maji. Hawa zamani walikuwa wanasubiri kivuko na gauni limekunjwa mkononi, jua linawaka, keki inayeyuka kwenye gari. Mimi nikiwaona wanapiga picha pale siwaoni kama wanajionyesha tu. Ile foleni ya kivuko waliijua.

Kinachonitesa ni wageni. Bibi harusi anaingia, simu mia zimeinuliwa, na mimi niliyelipwa nimebaki napiga picha za migongo ya simu.

BintiMalimbe

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Malimbe, na nadhani mimi ndiye mnayemsema humu.

Kwanza, kurudia nguo kuwa aibu hatukuanzisha sisi. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba huwezi kwenda Krismasi mbili na gauni moja. Tofauti ni kwamba Krismasi ilikuwa inaonwa na majirani, na jirani anasahau. Simu haisahau. Picha ya mwaka juzi inarudishwa na simu yenyewe asubuhi, "kumbukumbu ya siku ya leo", na rafiki zako wameiona. Halafu TikTok haikuonyeshi watu unaowajua tu. Inakuletea yeyote ambaye video yake watu hawakuikatisha. Kwa hiyo mimi wa Malimbe nashindanishwa na binti wa Lagos aliyelipiwa na duka la nguo, na sare zenyewe tunazovaa ukiziangalia mtindo wake umefuata aso ebi, sare za sherehe za Wayoruba wa huko Nigeria, hadi vilemba.

Pili, fundi, samahani, lakini mimi naona akiba haikufa. Imehamia mgongoni. Si umeona magauni yote ya sasa hayana zipu, yana kamba za kukaza nyuma? Unafikiri ni urembo? Gauni lenye kamba linamvaa mwembamba, linamvaa mnene, kwa sababu si la mtu mmoja. Sisi hapa chuoni mahafali hatushoni, tunakodi. Gauni moja la koseti mimi nalivaa Ijumaa, mwenzangu wa chumba cha pili Jumamosi, wiki ijayo liko Bugando kwa mtu anayemaliza unesi. Zamani nguo moja ilivaliwa na mtu mmoja miaka kumi. Sasa inavaliwa na watu kumi kwa mwezi. Nani hapo anaharibu kitambaa?

Ila niseme na lingine ambalo linaniuma. Gauni la kukodi likikugomea hakuna wa kulipanua. Dada wa dukani anakuangalia juu mpaka chini, anakwambia "hili si la mwili wako", mbele za watu. Fundi hawezi kukwambia hivyo, fundi anafungua mshono. Nilishatoka mle nikalia kwenye daladala.

BodaWaIgoma

Binti pole. Ila ungepanda boda, upepo ungekausha.

FundiKibarazani

Nimewasoma wote, nimeacha kazi ya watu mezani kwa ajili yenu.

Mzee wa Kisesa, shikamoo. Hofu ya foleni ya khanga siibishi, mama yangu pia aliisimulia. Lakini mzee, yule bibi wa Kitangiri haogopi foleni leo. Madukani vitenge vimejaa na watoto wake wana uwezo. Bado analeta gauni lilelile. Nilimuuliza, akasema alilivaa siku marehemu mumewe alipopewa pikipiki ya ushirika. Sasa hiyo ni hofu? Nguo ikikaa na mtu muda mrefu inaanza kujua mambo yake. Sare ya Jumamosi haipati huo muda, na gauni la kukodi likijua siri za watu kumi, haliwezi kumkumbuka mmoja.

Binti, hilo la kamba limenichoma kwa sababu ni kweli. Nashona mengi ya hivyo, na wateja wangu wakubwa wa sasa ni hao wenye maduka ya kukodisha. Gauni moja wananilipa ufundi mara moja, wao wanalikodisha mpaka kamba ikatike. Likikatika wananirudishia nirekebishe bure, eti ni kazi yangu. Kwa hiyo ukiniuliza nani amefaidika na nguo kuacha kuwa ya mtu mmoja, si wewe na si mimi. Na siku nyingine usilie kwenye daladala, pita kibarazani. Kupunguza na kupanua kwangu ni elfu tatu, kama kuna cha kupanua.

Mpiga picha, hiyo ya sekunde mbili imenisaidia zaidi ya zote. Sasa naelewa kwa nini wananiambia nitumie nguvu zote kifuani na mabegani. Nilidhani hawanithamini.

Ila kausha damu hakuna aliyeijibu, mmepita juu yake wote. MamaMwaloni umesema huna utetezi, na wewe ndiye mwenyekiti wa kamati, nakujua sasa. Mwanamke akikopa ili aonyeshe amejinyima kwa ajili yako, amejinyima au amenyimwa? Wekeni basi sare mbili, ya kitenge kizima na ya mtandio tu, asiye nacho avae mtandio aingie akicheza na wenzake.

MamaMwaloni

Baba, mtandio tuliujaribu. Wenye mitandio walikaa meza ya nyuma wenyewe, bila kuambiwa na mtu, na waliondoka kabla ya keki. Mwaka huu tumefanya hivi: fedha ya sare inakatwa kwenye mchezo wetu wa upatu wa kila wiki, kidogo kidogo, kuanzia miezi minne kabla. Asiyemaliza, kamati inammalizia na hatajwi. Wawili wameshamaliziwa na hata wewe huwezi kuwajua kwa kuwaangalia. Hatujui kama itadumu, maana kuna wanaonung'unika tayari.

Sasa naona ujumbe wa faragha kwako haufunguki, nakuandikia hapahapa. Tuna sendofu Nansio, tumeipanga kwenye mbalamwezi ili wavuvi wawepo. Kitenge kiko njiani kutoka Kariakoo. Nipe bei ya jumla, na unipe tarehe ya kweli. Sitaki tarehe za mafundi.

FundiKibarazani

Mama, tarehe ya kweli inaanza na advansi ya kweli. Njoo na nusu, na uje na wenye sare wenyewe niwapime. Vipimo vya kutumiwa kwa simu sipokei.